Mstari wa Mia Mbili na Kumi

Wakili Rönnqvist amekuja Kemi kwa treni ya usiku,
viatu vyake havijapata kuonana na theluji,
na swali analo moja tu, kalikunja kama hundi:
"Bi Vuokko, unacho chochote cha kabla ya mwaka tisini na nane?"

Ninacho.
Kiko darini, chini ya suruali za marehemu,
karatasi ndefu isiyokatwa, yenye matundu pembeni,
kurasa arobaini na moja zimeshikana mikono
kama watoto wa chekechea wakivuka barabara.
Wino umekuwa rangi ya chai iliyotiwa maji mara ya pili.
Juu kabisa, kwa herufi kubwa za ujana wangu:
HAKIMILIKI, V. PALOSAARI, FEBRUARI 1984.

Anaishika kwa ncha za vidole. Ananieleza taratibu,
kama anayemnywesha mgonjwa uji:
hakimiliki hulinda maneno yako jinsi ulivyoyapanga,
wazo haliligusi; wazo ni moshi, halina kitasa.
Hataza ndiyo hukamata moshi.
Na hawa wa Stuttgart wanayo hataza,
wanasema kukadiria gogo likatwe wapi
kabla msumeno haujaligusa ni akili yao,
kwa hiyo kila kiwanda kidogo huku kaskazini
kilipe, gogo kwa gogo.

"Hataza hufa," anasema, "tukionyesha
kwamba jambo lilikwisha kutendwa, hadharani.
Ujuzi uliotangulia. Lakini kama uliuficha, hautusaidii."

Niuficheje?
Niliibandika yote ukutani kantini,
kando ya orodha ya supu za wiki,
maana vijana wa zamu walitaka kujua mashine inawaza nini.
Doa hili hapa ni la supu ya samaki, ya Ijumaa.

Anacheka. Kisha anatoa karatasi zake, mpya, nyeupe,
msimbo wa Stuttgart, walioufunua kwa amri ya hakimu.
Navaa miwani.
Nashuka nao, mstari kwa mstari,
majina wamebadilisha, nafasi wamepanua,
mpaka namwona KUUSI.

Kwa lugha yetu kuusi ni msonobari, na kuusi ni sita.
Hawakujua ni kipi, wakaogopa kumgusa.
Hapo, palepale, mstari wa mia mbili na kumi:
unahesabu moja hadi sita, halafu unasahau.
Hauongezi kitu. Haupunguzi.
Mwanafunzi yeyote angeufuta.

"Huu ni wizi," wakili anasema, macho yanang'aa.
"Mnyang'anyi kabeba hadi kovu. Kwa nini uliuandika?"

Kwa ajili ya Ensio Kuivala.
Miaka thelathini langoni pa kiwanda, fimbo ya chuma mkononi,
aligonga kila gogo mara sita,
akainamisha kichwa, akasema: hapa.
Na msumeno ukapita hapo.
Mimi nilikaa naye majira mawili ya baridi
na daftari ndani ya glavu.
Nilichoandika mimi ni masikio yake.

Wakili anaacha kuandika.
"Alikuwa na karatasi yoyote, huyo? Tarehe? Sahihi?"
Alikuwa na fimbo.
"Basi," anasema, si kwa ubaya, "tuanzie kwako."

Mali bila daftari huisha bila habari.
Naweka sahihi panapotakiwa,
na pembeni, pasipotakiwa, naandika jina la Ensio.
Sijui kama hakimu atasoma pembeni.

Nimempa kurasa zote arobaini na moja, doa na yote.
Dari sasa ina suruali tu.

Ila usiku huu, huko Stuttgart,
ndani ya mashine iliyong'arishwa,
kabla ya kila gogo,
kitu kinahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
halafu kinasahau.
Hakijui kinamgongea nani.